Anayetazama Ardhi Bila Kuitaka

Msikilizaji, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko ndani ya matatu ya kwenda Rongo, mwombe dereva aongeze sauti. Leo nina habari ya picha na mashamba, vitu viwili ambavyo kwetu huvisikii vikitajwa pamoja.

Nianzie Kanyamwa, juu kabisa ya ule ukingo wa milima, pale ambapo bonde lote la Lambwe linalala chini ya macho yako na mbuga ya Ruma iko katikati. Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni mchora mabango wa mjini Homa Bay. Riziki yake ni kuandika majina ya maduka ukutani na kuchora vichwa vya wanaume walionyolewa vizuri kuliko kinyozi mwenyewe anavyoweza kunyoa. Siku hiyo hakuwa na bango la mtu. Alibeba kipande cha plaiwudi alichokuwa amekipaka nyeupe usiku wa kuamkia siku hiyo, mabaki ya rangi katika mikebe minne, brashi tatu na kigoda. Akaketi, akaanza kutazama.

Hazikupita dakika ishirini tukawa na hadhira: watoto sita, mwendesha bodaboda aliyezima pikipiki yake ili aone vizuri, na mama mmoja mzee aliyetoka kuokota kuni. Mama akatua mzigo. Akamwangalia mwenzangu anavyofumba jicho moja, anavyonyoosha brashi mbele ya uso wake kupima urefu wa kilima, kisha anapiga alama ubaoni. Akanigeukia mimi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki: "Mwanangu, mnapima?"

Nikamwambia la, mama, hatupimi, huyu anachora tu.

"Anamchorea nani?"

Hamchorei mtu, nikasema. Analichora bonde.

Akafikiri. "Basi mmekuja kuliuza."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mama yule alikuwa anasema alichokiona maishani mwake. Huku Nyanza Kusini, mtu akiitazama ardhi kwa muda mrefu, ana lake jambo. Ni mpima, au ni dalali, au ni mtu wa dhahabu, au ni mwanasiasa anayehesabu kura kwa kuhesabu paa za mabati. Mtu wa kuitazama bila kuitaka hatujamzoea.

Ziko nchi ambako watu wa namna hiyo wamekusanyika wakawa nguvu. Kule Santa Barbara, jimbo la California, Marekani, mwaka wa 1986 wachoraji wawili, Arturo Tello na mzee Ray Strong aliyekuwa amekwisha kupita miaka themanini, walianzisha kikundi wakakiita Oak Group, yaani kikundi cha mwaloni. Wanachofanya si kigumu kueleza. Wakisikia kilima fulani, ufuko fulani au ranchi fulani iko hatarini kugeuzwa mtaa wa nyumba, wanabeba rangi zao wanakwenda kwa pamoja, wanachora papo hapo, jua likiwapiga na upepo ukiwapeperushia makaratasi. Baadaye wanafanya maonyesho, picha zinauzwa, na sehemu kubwa ya pesa, kwa kawaida nusu, inakwenda kwa wale wanaopigania ardhi ile ibaki ilivyo. Mikusanyiko ya aina hii imeenea Marekani, na mingi inafanyika kwenye mashamba yaliyokwisha kuokolewa, kama sherehe na mchango kwa wakati mmoja.

Lakini hao ni wajukuu. Babu zao walikuwa Ufaransa, na habari yao inanifurahisha zaidi. Zamani rangi ya mafuta ilihifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi, na kibofu kikipasuka njiani, safari imeharibika. Mwaka wa 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, akapata hataza ya mrija wa bati, ule unaobanwa kama dawa ya meno. Mchoraji sasa akaweza kutoka nyumbani na rangi zake mfukoni. Wengi wakakimbilia kijiji cha Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, kusini mwa Paris. Mmoja wao, Théodore Rousseau, alikaa pale miaka mingi hata akaijua mialoni mikongwe mmoja mmoja, kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake kwa rangi na pembe. Watu wa serikali walipozidi kuiangusha mialoni ile na kupanda misonobari, yeye alijua ni upi umeanguka jana. Mwaka wa 1852 akapeleka malalamiko kwa serikali ya Napoleon wa Tatu. Mwaka uliofuata hekta 624 zikawekwa kando zisikatwe. Mwaka wa 1861 ikatoka amri ya kulinda hekta 1,097, na sababu iliyotajwa ilikuwa sanaa. Hiyo ni miaka 11 kabla Marekani haijatenga Yellowstone, mbuga ambayo husifiwa kuwa mama wa mbuga zote za taifa.

Sasa nikusikie ukisema: hayo ni ya wazungu wenye nafasi. Subiri basi. Vuka nami maji.

Panda boti pale Mbita, pita ubavuni mwa Rusinga, ufike Mfangano. Kisiwani mle mna sehemu mbili, Mawanga na Kwitone, ambako miamba imechorwa. Hakuna mnyama wala mtu katika michoro ile. Ni duara ndani ya duara ndani ya duara, na mizunguko kama ya konokono, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Nyekundu ilitokana na mawe ya ngeu yenye chuma, yakasagwa. Nyeupe ni udongo. Sogea karibu utaona kwamba unene wa mstari ni unene wa kidole cha mtu, maana brashi yenyewe ilikuwa kidole. Wataalamu wanasema waliochora ni Watwa, wawindaji na waokota matunda walioishi kandokando ya ziwa hili kabla ya sisi wengine kufika, karne nyingi kabla ya Barbizon kuwa na mchoraji. Abasuba walipokuja wakayakuta maduara yale, wakayaheshimu, wakayaunganisha na mvua. Mvua ikikawia, wenye dhamana walipanda kule. Wengine hawakupanda ovyo.

Fikiria maana yake. Mchoro umewekwa juu ya ardhi yenyewe. Haununuliki, hauhamishiki. Ukiutaka, uufuate ulipo, na ukiufuata unaingia kwa adabu ya mahali pale, na adabu hiyo inaukinga mwamba na vichaka vilivyouzunguka pia. Picha ya mwenzangu pale Kanyamwa, ile ya plaiwudi, ina miguu. Kesho itakuwa Kisumu, keshokutwa Nairobi, na mwenye pesa akiipenda itavuka bahari. Bonde litabaki palepale na shoka lake. Hapo ndipo mama yule mzee alipotushika: hofu yake kwamba tumekuja kuliuza bonde ilikuwa na ukweli ndani yake. Mchoraji anayekuja, anachukua uzuri, anauuza na kwenda zake, tofauti yake na dalali ni ndogo kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo nasema hivi, na wachoraji mnisamehe: mkusanyiko wa kuchora usioirudishia ardhi kitu ni matembezi. Matembezi si dhambi, lakini tusiyaite uhifadhi.

Kitu gani basi kirudi, na kwa njia gani? Hapa niwasomee sheria kidogo, msizime redio. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ile ambayo watu wa mazingira huiita EMCA. Kuanzia kifungu cha 112, sheria hiyo inaruhusu mahakama kuweka sharti la uhifadhi juu ya kipande cha ardhi. Shamba linabaki lako, hati ni yako, watoto wako watarithi. Lakini miti ya kilimani, tuseme, haitakatwa, au njia ya maji haitazibwa, au hapatachimbwa madini. Na kati ya mambo ambayo sheria inayataja wazi kuwa yanaweza kulindwa kwa sharti hilo ni mandhari ya kutazamwa. Ndiyo, msikilizaji. Bunge la Kenya liliandika kwamba uzuri wa kutazama ni kitu cha kulindwa na mahakama. Mwenye ardhi ambaye thamani yake imepungua kwa sababu ya sharti hilo ana haki ya kufidiwa, na anayefidia ni yule aliyeliomba sharti.

Sasa unaona pesa za picha zinaweza kuingia wapi. Nani ataomba sharti juu ya kilima cha Gwasi au cha Wire kama hana cha kumfidia mwenye shamba? Mzee mwenye ekari mbili mgongoni mwa kilima anakata miti achome makaa kwa sababu karo ya shule haingoji. Ukimwambia aache kwa sababu ya mandhari, atakuuliza mandhari yanapikwa vipi. Ukimwendea na fidia mkononi na wakili pembeni, mazungumzo yanabadilika. Wachoraji ishirini, picha arobaini, maonyesho mawili, moja hapa nyumbani na moja Nairobi: hizo si pesa za kununua wilaya, lakini zinatosha kuanza na ekari mbili za mzee mmoja. Mgao uandikwe kabla brashi haijaloweshwa, na wenye mahali wawe na kiti mezani wakati wa kuuandika.

Kuna jambo lingine ambalo picha ya kukaa papo hapo inalifanya, na hili nililiona kwa macho yangu. Kufikia saa tano ubao wa mwenzangu ulikuwa na anga, ulikuwa na bonde, na upande wa kushoto mteremko wenye vichaka na paa tatu za mabati. Mama alikuwa bado yuko nasi. Kuni zake alishazisahau. Akasogea, akaweka kidole karibu na rangi mbichi, mahali palipokuwa patupu, akasema: "Hapa umesahau mti."

Mwenzangu akatazama mlimani, akatazama ubao. Hapakuwa na mti.

"Palikuwa na mkuyu," mama akasema. "Mkubwa. Tulikuwa tunapumzika chini yake tukitoka mtoni."

Mwenzangu ni mtu mkaidi kwa mambo ya kazi. Akasema yeye huchora anachokiona, hachori anachosimuliwa. Tukabishana, mimi nikitaka mkuyu uwekwe, yeye akikataa. Mwishowe akaugeuza ubao, akachukua brashi ndogo, na kwa mwandiko uleule mzuri wa mabango akaandika nyuma yake tarehe ya siku ile, na chini yake: hapa kushoto palikuwa na mkuyu. Leo naona yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Upande mmoja wa ubao ule ni bonde lilivyo, upande wa pili ni bonde lilivyokuwa, na vyote vina tarehe. Karatasi ya namna hiyo ofisi ngapi za ardhi zinayo?

Na wenzetu wa Migori wasidhani nimewasahau. Kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori iko Thimlich Ohinga, ngome ya mawe ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2018. Kuta zake, zilizojengwa yapata karne ya kumi na sita, zina urefu wa kutoka mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita moja hivi, na katikati ya jiwe na jiwe hakuna saruji wala udongo wa kugandisha. Jiwe linamshikilia mwenzake kwa uzito na kwa akili ya aliyelipanga. Mchoraji atakayeketi pale ataumwa kichwa: kwa mbali ukuta ni kijivu, kwa karibu ni kijivu cha aina kumi, na kuvu limeongeza njano na chungwa. Lakini mimi huvutwa zaidi na jina. Thim lich, msitu mzito wa kutisha. Walioliita hivyo walituchorea mandhari kwa maneno mawili ya Kijaluo. Leo msitu wa kumtisha mtu mzima katika eneo lile utautafuta sana. Kama unatafuta mahali pa kuanzia mkusanyiko, ningeanzia hapo, kwa sababu pana mlinzi, ambaye ni Makavazi ya Kitaifa, na pana wanavijiji jirani ambao urithi huo wameutunza kabla ya UNESCO kusikia habari zake.

Ila nawaomba wachoraji wasichague tu yanayopendeza. Ingia hoteli yoyote ya chai katika miji yetu, utazame ukutani. Utakuta mlima wenye theluji, nyumba ya mbao, na bata maji weupe wakiogelea. Mteja anakula omena chini ya theluji! Hatuwezi kuiponya tabia hiyo kwa kuchora machweo ya ziwa tu, moja baada ya jingine. Chora Macalder, kule Nyatike, ambako kampuni ilichimba dhahabu na shaba kuanzia miaka ya 1930 ikaondoka miaka ya 1960, na watu wakaendelea kuchimba kwa mikono, wakiishika dhahabu kwa zebaki, na zebaki haina adabu, inateremka na maji. Chora mabanda ya kukaushia tumbaku na milundo ya kuni inayosubiri mlangoni. Kisha chora shamba la jirani, lile lililoachana na tumbaku likapandwa maharagwe, tangu mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yalipoanza mpango wa kuiacha tumbaku huko Migori mwaka wa 2022. Ziweke picha hizo mbili ukuta mmoja. Chora Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, lakini kwa rangi yake ya kweli, kwa sababu maji yale ya magadi si ya buluu hata kidogo. Ni kijani, kijani cha mboga iliyochemka.

Nirudi Lambwe, ndiko nilikotoka. Bonde lile halikubaki na nyasi zake kwa sababu ya hekima yetu. Mbung'o ndiye aliyelilinda. Malale yalifukuza watu na mifugo, na nyuma ya hofu hiyo wanyama wakapata makao. Mwaka wa 1966 sehemu yake ikatengwa kuwa hifadhi, mwaka wa 1983 ikawa mbuga ya taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, na hapo ndipo mahali pa mwisho Kenya nzima ambapo korongo anaishi porini. Wajaluo humwita omoro. Ni swala mkubwa kama farasi, uso mweusi na mweupe kama aliyechorwa kwa makusudi, masikio marefu yenye vishungi. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata korongo 15. Umesikia vizuri, kumi na watano. Darasa la watoto pale kijijini lina wengi kuliko hao. Mbung'o amepungua, na ni vyema, hakuna anayemlilia. Lakini mlinzi akipungua, mashamba husogea hadi kwenye ua, na kazi aliyoifanya yeye bila mshahara sasa ni yetu.

Basi wewe mchora mabango wa Awendo, wa Oyugis, wa Ndhiwa, na wewe unayepaka mitumbwi rangi pale Mbita, na mwalimu wa sanaa uliyebaki na wanafunzi watano: tafuteni Jumamosi moja. Nendeni kwanza kwa chifu na kwa wazee, mseme mnachokuja kufanya na pesa zitakwenda wapi, msije mkadhaniwa wapima. Ruma malipo ya getini ni kwa simu, kupitia eCitizen, kwa hiyo msibebe noti mkitumaini kubembeleza. Nyuma ya kila picha andikeni tarehe na mlichoambiwa na wenyeji. Fikeni alfajiri, kabla jua halijawa kali. Na msivae nguo za buluu wala nyeusi: mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, kwa sababu ndizo anazozipenda.